Daidalos na Mwanawe: Mvumbuzi, Mbuni au Fundi?

Katika visasili vya Wayunani wa kale vilivyoenea katika lugha nyingi za dunia, ni vichache vinavyoonekana vyepesi kufasiriwa kama kile cha Daidalos na mwanawe Ikaros. Baba na mwana wamezuiliwa kisiwani Krete kwa amri ya mfalme Minos. Baba anatengeneza mabawa kwa manyoya na nta. Anamwonya mwanawe asiruke juu mno wala chini mno. Mwana anapaa hata akalikaribia jua, nta inayeyuka, naye anaanguka baharini na kufa. Hapana neno gumu hapo. Bawa tunalo, unyoya tunao, nta tunayo, na bahari hatuhitaji kuelezwa. Ugumu humpata mfasiri kwenye sentensi ya kwanza kabisa, pale anapotakiwa kumjulisha msomaji kwamba huyu Daidalos alikuwa nani.

Aghalabu huandikwa kwamba alikuwa mvumbuzi. Wengine huandika mgunduzi, wengine mbuni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayabadilishani nafasi kwa urahisi kama inavyodhaniwa, na kwamba historia ya jina lenyewe la Daidalos inatuelekeza kwenye neno jingine, ambalo liko mdomoni mwa kila mtu na pengine kwa sababu hiyo halikutiliwa maanani. Si ubishi wa maneno matupu. Neno litakalotangulia ndilo litakaloamua kama mwanafunzi atasoma hadithi ya mtu na kazi ya mikono yake, ama atasoma kisa cha mtoto mkaidi tu.

Tuanze na maneno yetu. Kuvumbua ni kukifikia au kukifukua kitu kilichokuwapo lakini hakijajulikana. Madini huvumbuliwa, na njia huvumbuliwa. Kugundua kuna ladha ya kutambua jambo lililofichika: hugunduliwa kosa, wizi, au ugonjwa. Kubuni ni kazi ya akili, nayo ina pande mbili, kwani hubuniwa mpango mwema na hubuniwa uongo vilevile. Kuunda kulikuwa zaidi neno la waunda vyombo vya baharini kabla halijachukuliwa na maofisi, ambako siku hizi huundwa kamati. Fundi, naye, ni mtu aliyejifunza kazi kwa mkono na jicho chini ya mtu mwingine, na ambaye kwa zamu yake ana mwanagenzi wa kumrithisha. Uhusiano huo wa fundi na mwanagenzi haumo katika mvumbuzi wala katika mbuni. Mvumbuzi aweza kuwa peke yake duniani, fundi hawezi.

Kwa haki, lazima tukiri kwamba Kiyunani hakimkatalii mvumbuzi nafasi yake. Katika mkusanyo wa visasili unaojulikana kwa jina la Apollodorus, ambao wataalamu huuweka katika karne ya kwanza au ya pili B.K., Daidalos ameelezwa kuwa msanifu majengo bora na mtu wa kwanza kuvumbua sanamu. Neno la Kiyunani lililotumika hapo kwa mvumbuzi limetokana na kitenzi chenye maana ya kukuta au kupata, na neno la Kilatini lililoingia katika lugha za Ulaya lina asili ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mfasiri aandikaye mvumbuzi hakukosea kamusi. Bali hilo ni neno la orodha, la kutaja nani alitangulia kufanya nini. Mtu anayetembea ndani ya hadithi ni mwingine.

Jina lenyewe linatuambia ni mtu gani. Katika tenzi za Homer, maneno ya shina moja na jina la Daidalos hutumika kusifu vitu, si watu: ngao iliyonakshiwa, mshipi uliofumwa kwa ustadi, kiti kilichotiwa njumu. Kila kilichofanywa kwa mkono hodari hata jicho likapenda kukitazama tena huitwa kwa sifa hiyo. Yaelekea, basi, kwamba jina la mtu limezaliwa na sifa ya kazi, kana kwamba nasi tungekuwa na hadithi za kale kuhusu mtu aitwaye Nakshi. Homer humtaja Daidalos mwenyewe mara moja tu, katika kitabu cha 18 cha Iliad. Hapo anaelezwa mungu mhunzi akichora juu ya ngao ya Achilles uwanja wa ngoma, mfano wa ule ambao Daidalos alimtengenezea binti Ariadne huko Knossos. Hakuna mabawa, hakuna kifungo, hakuna mwana. Bahari ya Ikaria imo katika utenzi huo huo, lakini Ikaros hayumo.

Knossos si mahali pa kubuniwa. Ni mji wa kale wa Krete ambao magofu yake yalianza kufukuliwa na Mwingereza Arthur Evans mwaka 1900, na humo vikapatikana vibao vya udongo vyenye hesabu za jumba la kifalme. Maandishi yake yalisomeka baada ya Michael Ventris kuyafumbua mwaka 1952, ikabainika kwamba lugha yake ni Kiyunani cha kale mno. Kibao kimoja kinachoorodhesha mafuta ya sadaka kina neno ambalo wataalamu wengi wamelisoma kuwa ni kwenda mahali pa Daidalos. Kingine kinataja mtungi mmoja wa asali kwa miungu wote, na mtungi mmoja wa asali kwa Bibi wa mahali ambapo jina lake linafanana sana na lile la jengo mashuhuri alilojenga Daidalos. Makarani wale waliandika zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na hawakuwa wakitunga hadithi. Walikuwa wakihesabu mitungi. Watumishi wa serikali miongoni mwa wasomaji wetu wataona kwamba daftari la bohari laweza kuishi kuliko utenzi.

Jina hilo likasafiri. Watu wa Etruria, katika Italia ya kati, walilipokea kabla Waroma hawajawa na fasihi yao. Juu ya chombo cha udongo mweusi kilichopatikana Cerveteri, cha karne ya 7 K.K., kuna umbo la mtu mwenye mabawa, na pembeni pameandikwa Taitale. Lugha yao haikuwa na sauti ya d, wakaweka t. Wakakata mwisho wa Kiyunani, wakatia wao. Mwana naye wakamwita Vikare. Majina yote mawili yameandikwa juu ya kidani cha dhahabu cha karne ya 5 K.K. kilichohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Walters huko Baltimore, Marekani. Twawaomba wanaobishania utohoaji wa majina wakitazame kidani hicho, maana utohoaji haukuanza na sisi. Lakini kwetu jambo kubwa zaidi lililomo ni picha yenyewe. Baba na mwana wote wawili wana mabawa, na wote wawili wameshika zana za useremala. Kwa sonara wa Etruria, Ikaros hakuwa mtoto mtundu aliyefuatana na baba yake, alikuwa mwanagenzi.

Tukiisha kumwona mwanagenzi huyo, hatuna budi kumtaja mwingine aliyemtangulia, ambaye masimulizi mafupi ya shuleni humwacha nje kabisa. Kabla ya kufika Krete, Daidalos alikuwa mtu wa Athens, na dada yake alimpa mwanawe amfundishe kazi. Kijana huyo waandishi humwita kwa majina mbalimbali: Apollodorus na Diodorus wa Sisilia humwita Talos, naye Ovid, mshairi wa Kiroma, humwita Perdix. Kijana alikuwa na kipaji. Aliokota taya la nyoka, au kwa masimulizi ya Ovid akautazama uti wa mgongo wa samaki, akaigiza meno yale katika chuma, na hivyo ukapatikana msumeno. Ovid humpa pia bikari. Diodorus humpa gurudumu la mfinyanzi. Mjomba akaona kwamba atapitwa, akamsukuma kutoka juu ya ngome ya Athens. Apollodorus asema alishitakiwa mbele ya baraza la Areopago, akahukumiwa, akakimbilia Krete.

Hapa ndipo neno mvumbuzi linapotuponyoka. Kama kipimo ni kuvumbua, basi katika kisa hiki mvumbuzi ni kijana, na Daidalos ni mwuaji wa mvumbuzi. Ni fundi aliyemwua mwanagenzi wake kwa husuda. Msomaji anayelijua hilo, atakapoufikia mwisho na kumwona fundi huyo huyo akimfunga mabawa mwanagenzi wa pili aliye mwana wa tumbo lake, hataweza kuisoma hadithi kama kisa cha utovu wa adabu.

Pliny wa Roma, aliyefariki mwaka 79 B.K., alikuwa na orodha nyingine. Humpa Daidalos asili ya useremala wote, na ndani yake msumeno, tezo, timazi, keekee, sherizi, na gundi ya samaki. Tumeorodhesha kwa makusudi. Mfasiri atafutaye istilahi za orodha hii hahitaji kuunda hata neno moja. Aingie tu katika karakana yoyote ya seremala wa pwani, aulize. Ni nadra matini ya miaka 1,900 kukutana na lugha yetu ikiwa imekwisha kujiandaa hivyo, na twaona kwamba ukamilifu huo ni hoja kamili kwa neno fundi. Karakana nzima ya Daidalos imo katika Kiswahili. Kwa nini mwenyewe aachwe nje ya mlango na kupewa jina la mtu wa maabara?

Huko Krete fundi alipata bwana, na kazi zake zikaanza kuzaana. Mke wa mfalme, Pasiphae, alipandwa na tamaa ya fahali aliyeletwa na mungu wa bahari; Daidalos akamtengenezea ng'ombe wa mbao wa kujificha ndani. Kutokana na hilo akazaliwa Minotaur, kiumbe mwenye kichwa cha ng'ombe na mwili wa mtu. Kiumbe huyo alihitaji mahali pa kufichwa. Daidalos akajenga jengo lisilotokeka. Jengo likahitaji chakula, wakawa wanapelekwa vijana saba wa kiume na saba wa kike kutoka Athens, mji aliozaliwa fundi mwenyewe. Hata Theseus alipokuja kumwua kiumbe yule, Ariadne alimwendea Daidalos, naye akashauri uzi ufungwe mlangoni ili Theseus aufuate wakati wa kurudi. Kwa kosa hilo, asema Apollodorus, Minos alimtia Daidalos katika jengo lake mwenyewe pamoja na Ikaros, ambaye mama yake, Naukrate, alikuwa mjakazi wa mfalme. Huyo mama hatajwi tena.

Kila kazi hapo ni jibu la swali lililoletwa na kazi iliyotangulia. Ovid, katika kuyaeleza mabawa, hutumia neno la Kilatini ambalo hubeba ufundi, sanaa na hila kwa pamoja, na baada ya mwana kufa baba anaulaani huo huo. Kiswahili cha leo kimeyatenga mambo hayo matatu. Sanaa, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni kazi ya mkono na utengenezaji, sasa limekwenda zaidi kwenye ngoma, uchoraji na maigizo, na mfasiri akiandika kwamba Daidalos aliilaani sanaa yake, msomaji atadhani alitupa zumari. Hila linamdharau. Ufundi ndilo lililobaki na upana wa kutosha, kwa kuwa twasema fundi wa saa, fundi wa kusema na fundi wa vitimbi bila kubadili neno.

Jengo lile nalo lina shauri lake. Kiyunani huliita kwa jina ambalo laweza kutoholewa kuwa labirinti, na asili yake haijatulia: Evans alilihusisha na neno la kale la shoka lenye makali mawili, lakini wataalamu wengi wa lugha hawajaridhika. Herodotus, katika karne ya 5 K.K., alilitumia jina hilo kwa jengo kubwa la Misri karibu na ziwa Moeris, akasema lina vyumba 3,000, nusu juu na nusu chini ya ardhi. Matabibu nao hulitumia kwa mirija ya sikio la ndani. Basi istilahi inahitajika hata kwa wasioshughulika na visasili. Kamusi zetu za zamani zinalo neno mzingile, mara nyingi kwa ukamilifu wake mzingile-mwambiji, lenye maana ya fumbo na ya njia za kupoteza, na shina lake ni lile la kuzinga, yaani kuzunguka. Tunapendekeza mzingile litangulie, na labirinti libaki kwa matumizi ya kitaalamu pale ambapo usahihi wa kimataifa unalazimu.

Patakuwa na tahadhari moja. Sarafu za kale za Knossos huonyesha mara nyingi mchoro wa njia moja tu, izungukayo na kurudi hata ikafika katikati, ambamo mtu hawezi kupotea hata akitaka. Mzingile wa hadithi, ambao ulihitaji uzi, ni wa njia nyingi. Mwalimu achoraye ubaoni ule wa sarafu na kueleza ule wa Theseus ataulizwa na mwanafunzi mwerevu uzi ulikuwa wa nini.

Sasa tuyafikie mabawa. Katika Apollodorus manyoya yanashikwa kwa sherizi, nayo ndiyo inayoyeyuka; katika Ovid, aliyemaliza utenzi wake mkubwa yapata mwaka 8 B.K., yanafungwa kwa uzi katikati na kwa nta chini. Nta ndiyo iliyoshinda katika masikio ya watu, na mfasiri afuate matini aliyo nayo, asichanganye. Si watu wote wa kale walioyakubali mabawa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., asema kwamba Daidalos aliundia vyombo vyake tanga, jambo ambalo watu wa siku hizo hawakulijua, akawapita wapiga makasia wa Minos. Ikaros hakuwa hodari wa kushika usukani, chombo chake kikapinduka. Pliny humpa Daidalos mlingoti na foromali, na Ikaros tanga. Kwa wasomaji wa pwani yetu masimulizi hayo hayahitaji ufafanuzi: anayeliona kwa mbali tanga jeupe likija upesi kuliko kasia lolote hatashangaa kwamba mtu alisema bawa.

Kuhusu jua, swali la mwanafunzi wa Moshi tunalijua kabla hajaliuliza. Anauona mlima Kilimanjaro, na anajua kwamba juu kuna baridi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kupanda, na nta ya nyuki huhitaji kama nyuzi 62 ndipo iyeyuke. Ikaros angeganda, asingeyeyukiwa. Wayunani nao walikuwa na milima yenye theluji. Ajibiwe tu kwamba kisasili hakikuandikiwa somo la jiografia, na asikatazwe kuuliza. Mtu kuruka kutoka Krete kwa nguvu zake mwenyewe kumewezekana hata hivyo: tarehe 23 Aprili 1988 mwendesha baiskeli wa Ugiriki, Kanellos Kanellopoulos, alikanyaga pedeli za ndege nyepesi iliyoundwa na wahandisi wa Marekani na kupewa jina la Daidalos, akasafiri kilomita 115 hadi kisiwa cha Santorini kwa muda usiotimia saa nne. Upepo uliivunja ndege mita chache kabla ya ufuko, rubani akaogelea nchi kavu.

Kosa kubwa zaidi la tafsiri liko katika tabia ya Ikaros. Kwa kawaida huandikwa kwamba alipaa kwa kiburi, na mfasiri wetu, kwa kupenda kuipa hadithi sura ya kwetu, huongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ni njema, lakini imekuja kufunga mlango ambao mwandishi aliuacha wazi. Ovid hakuandika kiburi. Aliandika kwamba mtoto alianza kufurahia kuruka kwake kwa ujasiri, akavutwa na shauku ya mbingu. Furaha na shauku si kiburi. Ovid anamwonyesha mtoto huyo mwanzoni akiyakimbiza manyoya yanayopeperushwa na upepo na kuibonyeza nta kwa kidole gumba, akicheza na kuichelewesha kazi ya baba, bila kujua kwamba anashika mauti yake. Baba anaeleza njia ya kati na huku mashavu yake yamelowa na mikono inatetemeka. Mvuvi, mchungaji na mkulima wanatazama juu, wanadhani ni miungu inapita. Delos na Paros zimekwisha kubaki nyuma ndipo mtoto anapomwacha kiongozi wake. Fundi alijua kwamba nta haitahimili, na hakuwa na kitu kingine. Aliyafunga mabawa hayo kwa mikono yake mwenyewe. Mfasiri aandikaye kiburi anamwondolea baba hisa yake katika kifo hicho na kumtwisha mtoto yote.

Kwamba Ovid mwenyewe hakukusudia kumwondolea kunathibitishwa na ndege mmoja. Daidalos anapomzika mwanawe katika kisiwa ambacho sasa huitwa Ikaria, kwale anachungulia kutoka mtaroni, anapigapiga mbawa na kulia kwa furaha. Kwale kwa Kilatini ni perdix, na huyo ndiye yule mpwa aliyesukumwa kutoka ngomeni, ambaye mungu Minerva alimdaka hewani akamgeuza ndege. Hata leo, asema mshairi, kwale harukii juu, hutaga mayai chini ya vichaka, kwa kuwa anakumbuka kuanguka. Mfasiri ana bahati hapa, kwani kwale wetu naye ni ndege wa chini. Lakini akiliacha jina Perdix bila kumwambia msomaji maana yake, amekata uzi unaounganisha vifo viwili, na mzingile umemfunga yeye.

Yaliyobaki kuhusu fundi tutayapita kwa haraka. Alifika Sisilia kwa mfalme Kokalos. Minos alimtafuta kwa ujanja, akitembeza kombe la bahari lenye mizunguko na kuahidi zawadi kwa atakayepitisha uzi ndani yake. Daidalos akalitoboa kombe, akamfunga sisimizi uzi, sisimizi akapita. Kwa jibu hilo akajulikana yuko wapi, lakini mabinti wa Kokalos wakamwua Minos katika hodhi la kuogea. Plato alizitaja sanamu za Daidalos ambazo hutoroka zisipofungwa, na Aristotle akasema kwamba kama zana zingefanya kazi zenyewe kama sanamu hizo, mabwana wasingehitaji watumwa. Mwaka 1923 mwanasayansi Mwingereza J. B. S. Haldane alitoa mhadhara Cambridge akimfanya Daidalos mfano wa mwanasayansi. Mwaka uliofuata Bertrand Russell alimjibu kwa kitabu chenye jina la Ikaros, akihofu kwamba sayansi itatumiwa kuwazidishia nguvu wenye nguvu. Tangu hapo majina hayo mawili yamekuwa kama istilahi katika mijadala ya teknolojia, na anayefasiri mijadala hiyo asidhani kwamba msomaji anayajua.

Kuhusu tahajia, tumeandika Daidalos na Ikaros kwa kufuata Kiyunani; Daedalus na Icarus ni maumbo ya Kilatini yaliyopitia Roma. S. S. Mushi, katika tafsiri yake ya mwaka 1971, alimwandika Oedipus kuwa Edipode, na Mwalimu Nyerere alibadili jina la tafsiri yake ya Shakespeare likawa Juliasi Kaizari katika toleo la mwaka 1969. Njia zote mbili zina watetezi wake. Tunachosisitiza ni kwamba mfasiri achague moja na kuishika hadi ukurasa wa mwisho, maana tumeona maandiko ambayo ndani yake Ikaros na Icarus ni kama watoto wawili.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba Daidalos aitwe fundi. Kitenzi cha kazi zake kiwe kubuni anapowaza na kuunda anapotengeneza. Na mvumbuzi litumike pale tu mwandishi wa kale anapoorodhesha nani alitangulia. Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo hata fundi halitafaa. Virgil, aliyefariki mwaka 19 K.K., asimulia kwamba Daidalos alipotua Cumae, Italia, aliyatoa mabawa yake sadaka, akajenga hekalu la Apollo, na juu ya milango yake akachora mambo yote ya Krete: vijana wa Athens, fahali, mzingile, uzi. Ikaros naye angekuwamo. Mara mbili alijaribu kumchora kwa dhahabu, na mara mbili mikono ikaanguka. Tumeona mfasiri akiandika hapo mikono ya fundi, kwa kupenda kuwa na neno moja kote. Virgil ameandika mikono ya baba.